Kuzimua Masizi

Ukipeleka steshenari picha nyeusi na nyeupe ya babu na bibi siku ya harusi yao, iliyobanduliwa kwenye albamu na kupitishwa kwenye skana, usishangae ikirudi na kitu ambacho hakikuwemo. Kanzu ya babu imepata ukijani wa mbali. Shavu la bibi limeingiwa na waridi. Itoe nje juani, ukijani unazidi; irudishe ndani chini ya balbu, unageuka wekundu. Fundi atasema kichwa cha printa kimeziba, atakisafisha, atachapa tena, na picha itatoka vilevile. Mara nyingi printa haina ubovu wowote. Inafanya kile ilichoundwa kukifanya, yaani kutengeneza kijivu kwa kutumia rangi.

Ndani ya printa ya picha ya kawaida mna wino wa samawati, wa majenta, wa manjano na mweusi. Zile za matangi sita huongeza samawati hafifu na majenta hafifu. Wino mweusi ni mkali mno kwa sehemu zenye mwanga: tone moja likidondoka kwenye paji la uso jeupe huonekana waziwazi, na matone machache yaliyotawanyika hufanya ngozi ionekane ina chenga. Basi programu ya printa huukwepa mweusi katika sehemu hizo, na badala yake huchanganya samawati, majenta na manjano kwa vipimo ambavyo vikilingana barabara jicho huona kijivu. Tatizo ni huko kulingana barabara. Jicho husamehe mengi katika wekundu wa nyanya au ukijani wa jani la muhogo, lakini katika kijivu halisamehe. Likiona rangi kidogo mahali ambapo halikutarajia rangi, linaing'ang'ania.

Kijivu cha aina hiyo ni mapatano ya wino tatu, na mapatano yenyewe yaliwekwa chini ya taa moja. Kila wino hunyonya sehemu yake ya mwanga na kuiachia nyingine irudi machoni. Balbu ya nyuzi ina wekundu mwingi na bluu kidogo. Mwanga wa mchana una bluu tele. Ukibadilisha mwanga unaoingia, hesabu ya unaorudi inabadilika, na wino mmoja unajikuta na nguvu kuliko wenzake. Mwaka 2000 Epson walipotoa Stylus Photo 2000P, printa iliyosifiwa kwa picha zinazodumu, wapiga picha waligundua mara moja kwamba picha nyeusi na nyeupe iliyokuwa safi chini ya taa ya ofisini iligeuka kijani karibu na dirisha. Wino wake ulikuwa imara kweli. Ulichokosa ni uwezo wa kukubaliana na jua na taa kwa wakati mmoja.

Mwaka huohuo ulileta somo la pili, la muda. Baadhi ya printa nyingine za wakati ule zilitumia wino wa rangi iliyoyeyuka, na picha zake zilitarajiwa kudumu miaka kumi. Nyumbani kwa baadhi ya wateja ziligeuka rangi ya chungwa ndani ya wiki au miezi. Mshitakiwa alikuwa ozoni, gesi iliyomo hewani kwa kiasi kidogo sana, ambayo ilipenya kwenye vinyweleo vya karatasi na kuivunja rangi ya samawati huku ikiziacha majenta na manjano zikiwa nzima. Katika picha ya rangi kosa kama hilo hujificha kwa muda. Katika picha nyeusi na nyeupe halina pa kujificha, kwa sababu wino wa kwanza kudhoofika huwaachia uwanja wawili waliobaki.

Kwa hiyo swali la msingi likawa hili: kwa nini kijivu kitokane na vitu vitatu vinavyoweza kugombana? Kwa nini kisitokane na kitu kimoja tu, kikiwa kimezimuliwa kwa nguvu mbalimbali?

Wazo hilo lilikuwa likizunguka tangu miaka ya 1990. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash na mwenzake Mac Holbert walifungua Nash Editions huko Manhattan Beach, California, wakichapa picha za sanaa kwa mashine ya IRIS ambayo ilibuniwa kwa ajili ya viwanda vya uchapishaji na kugharimu zaidi ya dola 100,000. Picha zilikuwa nzuri, wino ukiwa dhaifu. Upande mwingine wa Marekani, jimboni Vermont, mchapaji Jon Cone aliyatoa matangi ya rangi na kuweka mahali pake wino mweusi wa nguvu nne tofauti, kazi ambayo baadaye aliiuza kwa jina la Piezography. Roy Harrington akaandika programu ya QuadTone RIP, inayoiruhusu printa ya kawaida kuambiwa tangi lipi lina nguvu gani na lianze kudondosha wapi. Kufikia mwaka 2005 Epson wenyewe walikuwa wanauza printa yenye aina tatu za weusi ndani yake. Wapiga picha wasioridhika, waliokuwa wakichanganya wino jikoni kwao kwa sirinji na mizani, hawakungoja hayo yote. Walishika njia yao, na wengi wao wakaishia kwenye masizi.

Nasema masizi kwa maana halisi. Wino mweusi wa chembe ni kaboni, kitu kilekile kinachotanda chini ya sufuria, isipokuwa kimetengenezwa kiwandani kwa mafuta yanayochomwa kwa hewa haba, ili chembe zitoke ndogo na zinazofanana. Waandishi wa Misri ya kale waliandika kwa masizi na gundi kwenye mafunjo, na mistari yao inasomeka mpaka leo. Kaboni haitishwi na ozoni ya kawaida wala na jua la dirishani. Haina rangi ya kuvunjwa, na weusi wake unatokana na kunyonya mwanga wa kila aina. Maabara ya Aardenburg huko Marekani, iliyoanzishwa na mtafiti Mark McCormick-Goodhart, imeziweka picha nyingi chini ya taa kali kwa muda mrefu ili kuona zipi zinabadilika, na picha za kaboni tupu zimekuwa miongoni mwa zile zinazobadilika kidogo kabisa. Zikichakaa, kwa kawaida inayochakaa ni karatasi: vile ving'arishi vinavyowekwa ili ionekane nyeupe pe hufa, na unjano wake wa asili unajitokeza.

Nguvu za kuzimua hazipangwi ovyo. Anayeanza hufikiri ngazi nzuri ni wino wa asilimia 100, 80, 60, 40 na 20. Akichapa, sehemu zenye mwanga zinabaki na chenga vilevile, na matangi matatu ya mwanzo yanaonekana kama tangi moja. Sababu yake ilielezwa na Mjerumani Ernst Heinrich Weber katika karne ya 19, aliyekuwa akiwapa watu mizigo mikononi na kuwauliza upi mzito zaidi. Alikuta kwamba hatugundui tofauti yenyewe, tunagundua uwiano. Aliyebeba gramu 100 atahisi nyongeza ndogo ambayo aliyebeba kilo mbili hataihisi kabisa. Jicho nalo liko karibu na hivyo kwa mwanga. Kwa hiyo ngazi ya wino inashuka kwa kugawanya: asilimia 100, kisha 30, kisha 9, kisha karibu 3. Kila hatua ni kama theluthi ya iliyotangulia, na ile ya mwisho, ambayo chupani huonekana kama chai ya rangi iliyopoa, ndiyo inayochora wingu, shela la bibi harusi na mng'ao wa ngozi. Matone yake yanaanguka kwa wingi, yanapandana, na jicho halipati tone la kulishika.

Hapo ndipo mtu husema: basi nitaongeza maji. Akiongeza ya bomba, ndani ya siku chache ataona tope limetuama chini ya chupa na maji meupe juu, na kichwa cha printa kimekwisha kuziba. Sehemu hii ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa sababu inagusa ugunduzi uliochukua wanasayansi karibu karne nzima kuuelewa: kwa nini chembe za kitu kisichoyeyuka zinaelea kabisa.

Masizi hayayeyuki. Wino wa kaboni ni maji yenye vijipande vigumu, kila kimoja cha kipenyo cha nanomita 100 hivi. Tundu la printa lina upana wa maikromita 20 au zaidi kidogo, maana yake chembe kama 200 zikijipanga mstari mmoja ndipo zitafika upande wa pili. Zikiwa mojamoja zinapita bila taabu. George Gabriel Stokes alitoa mwaka 1851 kanuni ya kasi ya kitu kinachozama kwenye kimiminika, na ukiitumia kwa chembe ya kaboni ya nanomita 100 majini unapata kasi isiyofika nusu milimita kwa siku. Mtikisiko wa molekuli za maji, ambao Robert Brown aliuona kwenye darubini mwaka 1827 na Albert Einstein akaupigia hesabu mwaka 1905, unatosha kuirusharusha chembe hiyo huku na huko. Lakini kasi ya Stokes inakua kwa mraba wa kipenyo. Chembe zikishikana zikawa bonge la maikromita moja, yaani mara kumi tu, zinazama mara mia zaidi: karibu sentimita nne kwa siku. Chupa ndogo inatuama kati ya Jumamosi na Jumatatu.

Kinachozizuia zisishikane ni chaji ya umeme. Kila chembe ina chaji hasi juu ya ngozi yake, na zikikaribiana zinasukumana. Michael Faraday aliona dalili za jambo hili mwaka 1857, alipotengeneza maji mekundu ya kupendeza kwa chembe za dhahabu ndogo kupindukia. Alipotia chumvi, wekundu uligeuka bluu, dalili ya chembe kusogeleana na kushikana. Baadhi ya chupa zake, zile zisizotiwa chumvi, ziko Royal Institution jijini London, na zingali nyekundu. Maelezo kamili yalikuja miaka mingi baadaye: Derjaguin na Landau huko Urusi ya Kisovieti mwaka 1941, kisha Verwey na Overbeek huko Uholanzi, ambao kitabu chao kilitoka mwaka 1948. Wote walifikia jambo moja. Chembe zina mvuto wa asili wa kushikana, na zina msukumo wa chaji wa kuachana. Ioni za chumvi zikijazana majini huizingira chaji ya kila chembe na kuifunika, msukumo unapungua masafa, na mvuto unashinda.

Mto Rufiji hufanya kazi hiyo kila siku. Unabeba udongo laini usiotuama kwa mamia ya kilomita, na unapokutana na maji ya chumvi ya Bahari ya Hindi udongo huo unashikana mabonge na kutua, ndiyo mojawapo ya sababu delta ipo na mikoko inapata pa kusimama. Unachokiona chini ya chupa ya wino uliotiwa maji ya bomba ni delta ndogo.

Tena si lazima maji yawe na ladha ya chumvi. Kalisi na magnesi, zinazoacha magamba meupe ndani ya birika, zina chaji mbili kila moja, na ioni ya chaji mbili huvuruga wino makumi ya mara zaidi ya ioni ya chaji moja kama sodiamu. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi na madini hayo pia. Maji yanayofaa ni yaliyokenekwa. Watu wengi huyapata kituo cha mafuta, kwenye yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, na hapo soma chupa vizuri, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri.

Hata maji safi peke yake hayatoshi. Wino wa kiwandani una dawa za kuzifunika chembe zisigusane, na dawa hizo nyingine zimekaa juu ya chembe kwa kupokezana: zinashuka majini, nyingine zinapanda. Ukimwaga maji matupu mengi kwa ghafla, zinazoshuka zinakuwa nyingi kuliko zinazopanda, na chembe zinabaki uchi. Gundi ya mgunga ilifanya kazi hiyo ya kufunika katika wino wa zamani bila yeyote kujua kwa nini. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Cabot ya Marekani, ambayo masizi ndiyo biashara yake ya zamani, ilipata njia ya kuunganisha vikundi vyenye chaji moja kwa moja kwenye kaboni kwa kifungo cha kikemia, visivyoweza kushuka. Wino wa namna hiyo huvumilia kuzimuliwa vizuri zaidi, na mchanganyaji mwenye busara huuliza wino wake ni wa aina ipi kabla ya kununua lita nzima.

Kwa hiyo anayechanganya hatii maji. Anatengeneza kwanza kizimuo, kimiminika kinachofanana na wino kwa kila kitu isipokuwa masizi. Sehemu kubwa ni maji yaliyokenekwa. Gliserini, ileile ya kupaka ngozi inayouzwa duka la dawa ikiwa safi isiyo na manukato, huchukua kati ya sehemu moja ya kumi na moja ya tano. Hiyo inazuia wino usikauke kwenye tundu, na pia inaupa mnato. Mnato una maana kwa sababu printa nyingi zinazotumika kwa kazi hii hazichemshi wino. Zina kipande cha kauri kinachojikunja kinapopewa umeme, tabia ambayo ndugu Jacques na Pierre Curie waliithibitisha katika fuwele mwaka 1881, na kujikunja huko kumepimwa kwa kimiminika chenye mnato mara tatu au nne ya ule wa maji. Kikiwa chepesi mno, tone linatoka na mkia na vitone vya pembeni. Mwisho ni matone machache ya dawa ya kulegeza uso wa maji, na wapiga picha wa zamani hutumia ileile waliyokuwa wakisuuzia filamu ili isikauke na madoa. Kisha wino unapimwa kwa mizani, si kwa macho: gramu 9 za wino na gramu 91 za kizimuo. Chupa inageuzwa taratibu, haitikiswi kwa nguvu, kwa sababu povu kwenye kichwa cha printa ni adha ya siku nzima. Tone moja la wino huo ni pikolita chache, hivi kwamba kijiko cha chai cha mililita 5 kinatoa matone zaidi ya bilioni moja. Kosa la gramu moja kwenye chupa linaonekana kwenye kila picha mpaka chupa iishe.

Baada ya yote hayo picha inatoka ya hudhurungi kidogo, na wengi hudhani wamekosea. Hawajakosea. Chembe za kaboni zilizo ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga hunyonya bluu zaidi kuliko nyekundu, na zikiwa tabaka jembamba tofauti hiyo huonekana. Tazama ukuta uliokuwa na koroboi: katikati palipoganda pana weusi, pembeni palipotanda kwa wepesi pana uhudhurungi, ingawa huko mafuta yasiyoungua nayo yanachangia. Wengine huiacha picha hivyo, wakisema inapata joto la picha za zamani. Asiyetaka anatia pigmenti ya bluu kidogo kwenye kila nguvu ya wino mpaka hudhurungi ipotee. Kwa kufanya hivyo amerudisha wino wa pili mezani na sehemu ya ugomvi tuliouanza nao, japo ndogo, kwa kuwa kaboni bado inabeba karibu uzito wote. Mimi ningeiacha hudhurungi. Picha za bibi zenyewe zilikuwa na uvuguvugu, na anayeitaka nyeupe ya barafu ajue anailipia kwa sehemu ya uimara.

Kinachobaki ni kupima. Unachapa ngazi ya vipande 21 kutoka nyeupe hadi nyeusi, unaisoma kwa kipimo cha mwangaza au hata kwa skana nzuri ya mezani, na programu inarekebisha mahali ambapo hatua mbili zimelingana au zimeruka. Karatasi iwe ya pamba isiyong'aa. Juu ya karatasi ya kung'aa ya dukani masizi ya aina hii hayashiki na kidole kinayafuta. Weusi mzito kabisa wa karatasi ya pamba hurudisha karibu asilimia 2.5 ya mwanga, kwa hiyo hautafikia kiza cha picha inayong'aa ukizilinganisha bega kwa bega. Kwenye fremu, chini ya kioo, sijaona mtu akilalamika.

Printa za matangi sita zimejaa mitaani kwetu, na watu wanajaza wino wa chupa kila wiki bila hofu. Nguvu sita za masizi zingeenea humo bila kubadilisha hata skrubu moja, mradi modeli yenyewe iko kwenye orodha ya zile ambazo QuadTone RIP inazijua. Ila mashine ikishakunywa masizi haichapi tena picha ya paspoti yenye kitambaa cha bluu nyuma, na mipira yake haisafishiki kirahisi kurudi kwenye rangi. Matangi nayo yanataka kutikiswa taratibu kila baada ya siku chache, kwa sababu ya Stokes. Mwenye duka anayeishi kwa paspoti hawezi kuifanya kazi hii kwa mashine yake pekee. Anahitaji ya pili, hata kuukuu, na wateja wa kutosha wenye albamu za harusi za miaka ya 1960.